Chanjo Kutoka Uwanja wa Ndege Hadi Kijijini: Tuliyojifunza Wakati wa Korona



Mwezi wa Julai 2025 serikali ilitangaza kampeni ya kuchanja watoto dhidi ya surua na rubella, pamoja na homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi. Siku hizo tulikuwa tumetembelea kikundi kimoja cha akina mama chenye mradi wa kuku. Hata kabla hatujafungua kitabu cha hesabu, mama mmoja akainua mkono, akatuuliza: "Nyinyi watu wa ofisi ya maendeleo, hebu mtuambie ukweli. Hii si ile chanjo ya Korona imebadilishwa jina tu?"

Wenzake wakanyamaza. Wawili watatu wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba hata wao walikuwa na wazo hilo hilo. Tulipouliza zaidi, tukaona kwamba watoto wanane wa kikundi kile wangefichwa nyumbani siku ambayo wauguzi wangekuja. Hawa si akina mama wasiojali watoto wao. Ni akina mama ambao hawakuelezwa vizuri mambo yaliyotokea mwaka 2021 na 2022, na mtu asipoelezwa hujaza pengo kwa yale anayosikia njiani.

Kwa hivyo tumeonelea tuandike makala hii. Tungependa kueleza, hatua kwa hatua, jinsi chanjo ya Korona ilivyokuja Kenya, mahali ilipofaulu, mahali ilipokwama, na mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya leo ili chanjo za watoto wetu zisikwame vile vile. Tafadhali someni pamoja katika mkutano, kisha mjadili yale maswali yaliyo mwishoni.

Chanjo hufanya nini mwilini?

Tuanze na jambo la msingi. Chanjo si dawa ya kutibu mgonjwa. Chanjo huufundisha mwili kuutambua ugonjwa kabla haujaingia. Ni kama mbwa wa nyumbani aliyenusishwa kitambaa cha mwizi. Siku mwizi mwenyewe akija, mbwa hapotezi wakati, anaanza kubweka mara moja. Mwili uliochanjwa nao huanza kupigana mapema, kabla ugonjwa haujashika mapafu.

Hapa kulikuwa na kosa la maelezo tangu mwanzo. Watu wengi waliambiwa, au walielewa, kwamba ukichanjwa huwezi kupata Korona kabisa. Halafu aina ya Omicron ilipoingia nchini mwezi wa Desemba 2021, wengi waliochanjwa waliugua, na jirani zao wakasema, "Mmeona? Tuliwaambia." Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya chanjo hizo ilikuwa kupunguza ugonjwa mkali na kifo. Aliyechanjwa aliweza kuugua, lakini uwezekano wa kulazwa au kufa ulipungua sana, hasa kwa wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu. Kama jambo hili lingeelezwa wazi siku ya kwanza, maneno mengi yangeepukwa.

Safari ilivyoanza

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Karibu mwaka mzima tulikuwa na maji, sabuni na barakoa tu. Shule zilifungwa, makanisa yakafungwa, vikundi vikaacha kukutana, na michango ya merry-go-round ikakatika.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2021, ndege ilitua Nairobi ikiwa na dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya AstraZeneca, iliyotengenezwa na kiwanda cha Serum Institute nchini India. Zililetwa kwa mpango wa COVAX. Huo ulikuwa mpango wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na mashirika mengine, wenye shabaha kwamba nchi zisizo na pesa nyingi nazo zipate chanjo na zisiachwe nyuma. Tarehe 5 Machi kazi ikaanza katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, ndiye aliyedungwa wa kwanza, ili wananchi waone kwamba wakubwa hawaogopi.

Mpango ulikuwa kuanza na wafanyakazi wa afya, walimu, polisi na wengine walio katika hatari. Mwishoni mwa mwezi huo wa Machi wakaongezwa watu wote wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Mpango huu ulikuwa mzuri, kwa maana Korona iliua wazee zaidi kuliko vijana.

Lakini kujiandikisha kulikuwa kwa njia ya mtandao. Mtu alitakiwa aingie katika tovuti ya Chanjo, aandike nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, kisha asubiri ujumbe. Sasa fikirieni nyanya wa miaka 70 ambaye simu yake ni ile ndogo ya tochi, na mara nyingi iko kwa mjukuu. Baadaye wauguzi walikubali kuwaandikisha watu pale pale kituoni, na kazi ikawa rahisi zaidi. Hata hivyo wazee wengi walikuwa wameshakata tamaa.

Kwa nini chanjo ziliisha?

Kenya ilikuwa imetengewa na COVAX zaidi ya dozi milioni 3 kufikia mwezi wa Mei 2021. Hazikufika kwa wakati. Sababu ni kwamba mwezi wa Machi na Aprili ugonjwa ulilipuka vibaya sana nchini India, nayo India ikazuia chanjo kutoka nje ili iwachanje watu wake. Kwa kuwa COVAX ilikuwa inategemea sana kiwanda kimoja cha India, nchi nyingi za Afrika zikakauka kwa pamoja.

Wakati huo huo nchi tajiri zilikuwa zimenunua dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao. Zilikuwa zimelipa mapema, hata kabla chanjo hazijathibitishwa. Sisi tulikuwa mwisho wa foleni. Hapa Kenya, watu waliokwisha kudungwa sindano ya kwanza waliambiwa wasubiri ya pili kwa wiki 12 badala ya 8. Chanjo zilipungua kiasi kwamba mwishoni mwa Mei tulipokea dozi 72,000 zilizokuwa zimetengewa Sudan Kusini, ambayo haingeweza kuzitumia kabla ya muda wake kuisha.

Kulikuwa pia na jambo lililowaudhi wananchi. Mwezi wa Machi chanjo ya Sputnik V kutoka Urusi ililetwa na watu binafsi, ikauzwa Nairobi kwa maelfu ya shilingi. Serikali ilisimamisha uagizaji huo wa watu binafsi tarehe 2 Aprili 2021. Lakini mwananchi wa kijijini alikuwa tayari amejiambia kwamba hata katika ugonjwa, mwenye pesa hutangulia.

Kuanzia Julai na Agosti 2021 mambo yakabadilika. Uingereza ilituma AstraZeneca, Marekani ikatuma Moderna na baadaye Pfizer, China ikatuma Sinopharm, na kupitia Umoja wa Afrika tukapata Johnson & Johnson, ile ya sindano moja. Ndani ya miezi michache Kenya ilitoka kwenye ukame ikaingia kwenye mafuriko.

Friji, barabara na chupa ya watu kumi

Wengi wetu tulidhani kwamba chanjo ikishatua Nairobi, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza.

Chanjo huharibika ikipata joto. AstraZeneca na Johnson & Johnson zinahitaji kukaa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, yaani baridi ya friji ya kawaida inayofanya kazi vizuri. Pfizer ilikuwa ngumu zaidi. Ilihifadhiwa katika baridi kali ya nyuzi 70 chini ya sufuri, na ikishatolewa na kuyeyuka, iliweza kukaa kwenye friji ya kawaida kwa mwezi mmoja tu. Kwa hivyo chanjo ilitoka bohari kuu ya Kitengela, ikaenda bohari za maeneo kama Eldoret, Kisumu, Meru, Mombasa na Garissa, kisha friji za kaunti ndogo, kisha sanduku lenye barafu juu ya pikipiki hadi zahanati. Mahali popote stima ikipotea au pikipiki ikikwama kwenye matope, dozi hizo ziko hatarini.

Kuna jambo jingine ambalo wananchi wengi hawakulijua, nalo lilileta ugomvi mwingi. Chanjo ya AstraZeneca ilikuja katika chupa ndogo yenye dozi 10. Muuguzi akiifungua, ni lazima itumike ndani ya saa 6. Zinazobaki zinatupwa. Sasa wazee 3 wamekuja. Akifungua, dozi 7 zitamwagwa, naye ataulizwa. Asipofungua, wazee wale watarudi nyumbani bila kitu.

Tulimwona mzee mmoja ambaye alipanda bodaboda kwa shilingi 200, akafika zahanati, akaambiwa, "Mzee, leo watu hawajatosha, rudi Alhamisi." Akalipa shilingi 200 nyingine kurudi. Alhamisi hakuwa na nauli. Hakurudi tena, na hatuwezi kumlaumu. Muuguzi naye alikuwa na sababu yake. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba angekuja na majirani 9, chupa ingefunguliwa mara moja.

Mashirika yalipozidi kutoa maelezo, wauguzi waliambiwa wasiogope kufungua chupa hata kama watu ni wachache, kwa sababu afadhali dozi imwagike kuliko mtu arudi bila chanjo. Lakini maagizo kama hayo huchukua muda kufika zahanati ya mwisho.

Chanjo zilipokuwa nyingi, watu wakawa wachache

Kufikia mwisho wa Desemba 2021 zaidi ya dozi milioni 10 zilikuwa zimetolewa nchini. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, tukikumbuka kwamba miezi sita tu kabla hatukuwa na kitu. Wauguzi wetu, wengi wao bila marupurupu, walifanya kazi hiyo, nasi tunawashukuru.

Lakini kaunti hazikwenda sawa. Nairobi, Nyeri na Kiambu zilikuwa mbele. Mandera na Tana River zilikuwa nyuma sana. Ukiangalia ramani unaona sababu moja wazi, nayo ni umbali. Kule zahanati ni chache, watu huhama na mifugo, na mtu aliyedungwa mahali pamoja mwezi huu, mwezi wa pili yuko kilomita nyingi kutoka hapo. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha sindano ya pili hauwezi kumfikia mahali pasipo mtandao.

Halafu likatokea jambo ambalo lilituumiza. Mwisho wa Februari 2022, dozi zipatazo 840,000 za AstraZeneca zilipitwa na wakati humu nchini. Ilibidi ziharibiwe. Dozi nyingi za misaada zilikuwa zinafika zikiwa zimebakiza miezi michache tu, kwani nchi zilizotoa zilikaa nazo kwanza. Lakini sehemu nyingine ya lawama ni yetu, kwa sababu chanjo zilikuwa kwenye friji na watu hawakuja, au hawakufikiwa. Hebu linganisheni hizo dozi 840,000 na wazee wa kijiji chenu walioshindwa na nauli.

Mwezi huo huo serikali ilianzisha kampeni ya kupeleka chanjo sokoni, kwenye vituo vya matatu, makanisani na misikitini. Hapo idadi ilipanda. Lakini baadaye siasa za uchaguzi wa Agosti 2022 zikashika, hofu ya ugonjwa ikapungua, na watu wakaona hakuna haja.

Uvumi, na maswali ya haki

Ni rahisi kusema kwamba watu wa vijijini ni wajinga na wanaamini uvumi. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Uvumi ulikuwa mwingi, ni kweli: kwamba chanjo inaondoa uzazi, kwamba inatia mashine mwilini, kwamba ni njama ya kupunguza Waafrika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililothibitishwa. Lakini ndani ya uvumi kulikuwa na maswali ya haki, na mtu mwenye swali la haki anastahili jibu.

Swali la kwanza: "Kwa nini nchi za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca?" Ni kweli, mwezi wa Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha kwa muda, kwa sababu kulikuwa na matukio machache sana ya damu kuganda. Wataalamu walichunguza, wakaona kwamba madhara hayo yapo lakini ni nadra sana, na kwamba hatari ya Korona yenyewe ilikuwa kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo iendelee kutumika, na Kenya ikaendelea. Jibu hilo lingeweza kutolewa katika baraza la chifu kwa dakika tano. Mahali pengi halikutolewa.

Swali la pili lilituhusu sisi Wakatoliki: "Si Kanisa lenyewe lilikataa chanjo?" Hapa ni lazima tuseme wazi. Mwaka 2014 maaskofu wetu walitia shaka juu ya kampeni ya chanjo ya pepopunda, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani wakasema chanjo hiyo ilikuwa salama. Mabishano yale hayakusahaulika. Korona ilipokuja, kikundi cha madaktari Wakatoliki nchini kilipinga chanjo hadharani. Lakini Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya mwezi huo huo wa Machi 2021 lilitangaza kwamba chanjo ya Korona inakubalika, na likawahimiza waumini. Vatikani ilikuwa imeshasema hivyo Desemba 2020, na Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe alichanjwa, akaita jambo hilo tendo la upendo. Muumini aliyesikia sauti zote hizo kwa pamoja, bila mtu wa kumfafanulia, angewezaje kujua ashike ipi? Katika vigango ambapo katekista alisoma tangazo la maaskofu na kulieleza kwa lugha ya nyumbani, tuliona tofauti.

Swali la tatu ni la lazima na hiari. Mwezi wa Novemba 2021 Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba mtu asiye na cheti cha chanjo asingehudumiwa katika ofisi za serikali. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na agizo likasimamishwa kabla ya siku hiyo. Kwa upande wetu tuliona kwamba agizo lile liliwaleta wengine kwa haraka, lakini liliwafanya wengine waseme, "Kama ni kitu kizuri, mbona wanatulazimisha?" Mashaka ya namna hiyo ndiyo tuliyoyakuta mwaka 2025 katika kikundi cha kuku.

Basi tulifika wapi?

Serikali ilikuwa na shabaha ya kuwachanja watu wazima milioni 27 kufikia mwisho wa 2022. Shabaha hiyo haikufikiwa. Zaidi ya dozi milioni 20 zilitolewa kwa jumla, lakini watu wazima waliomaliza chanjo zao walikuwa chini ya nusu. Watu zaidi ya 5,600 waliandikwa kuwa wamekufa kwa Korona nchini, na kuna wengine waliokufa nyumbani bila kupimwa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si tena dharura ya dunia nzima.

Je, tulishindwa? Hatuwezi kusema hivyo. Nchi ambayo haijawahi kuchanja watu wazima wote iliweza kujenga bohari, kununua friji, kufundisha wauguzi na kufikia mamilioni. Friji zile zimebaki na zinahifadhi chanjo za watoto. Ila tulijifunza kwamba kazi ilikwama zaidi mahali pale pa mwisho, kati ya zahanati na boma la mtu. Mahali hapo hakuna ndege wala waziri. Kuna kikundi, katekista, mzee wa kijiji na mhudumu wa afya wa jamii.

Jinsi kikundi kimoja kilivyofanya

Mapema mwaka 2022 kikundi kimoja cha wajane na wazee kiliamua kutongoja. Mama mwenyekiti alinunua daftari la shilingi 30. Katika mikutano miwili aliandika majina ya wote waliotaka kuchanjwa, umri wao, nambari za vitambulisho, na kama mtu ana ugonjwa wa muda mrefu. Aliyekuwa na mashaka aliandikwa pembeni pamoja na swali lake. Majina yakafika 34.

Kisha alikwenda na mweka hazina hadi zahanati, wakamwonyesha muuguzi daftari. Wakaomba mambo mawili: chanjo ya sindano moja, kwa kuwa wengi hawangeweza kurudi, na muuguzi aje kwao siku ya mkutano. Kikundi kilijitolea kulipa pikipiki ya kumleta na kumrudisha. Muuguzi alipiga hesabu. Chupa ya Johnson & Johnson ina dozi 5, hivyo chupa 7 zingetosha.

Siku hiyo alianza kwa kujibu maswali yaliyokuwa pembeni ya daftari, moja baada ya jingine, kwa karibu saa nzima. Baadaye akachanja. Wote 34 walidungwa, ikabaki dozi moja, nayo akapewa yule kijana wa bodaboda aliyemleta. Hakuna tone lililomwagika. Gharama yote ya kikundi ilikuwa daftari na nauli ya pikipiki moja, badala ya nauli za watu 34.

Leo tufanye nini?

Chanjo za watoto wetu zinakabiliwa na shida zile zile. Mwaka 2025 kulikuwa na upungufu wa chanjo za kifua kikuu na polio katika vituo vingi, na akina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wachanga. Misaada kutoka nje inaendelea kupungua, na Kenya inatarajiwa kujilipia chanjo zake yenyewe kuanzia karibu mwaka 2030. Kwa hivyo ni lazima tuwe macho. Tunapendekeza haya:

1. Kikundi kiwe na daftari la watoto wote wa wanachama walio chini ya miaka 5. Kila mwezi angalieni vile vijitabu vya kliniki, mwone nani amepitwa na chanjo gani.

2. Mjue jina la mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu hawa zaidi ya 100,000 nchini, wanaopewa mikoba ya vifaa. Mwalikeni katika mkutano, msingoje hadi kuwe na ugonjwa.

3. Kabla ya kusafiri, pigeni simu zahanati mwulize kama chanjo ipo na ni siku gani wanafungua chupa. Nendeni pamoja, kwani hata chanjo ya surua huja katika chupa ya watoto kadhaa.

4. Chanjo ikikosekana, andikeni tarehe na idadi ya watoto waliorudishwa. Pelekeni taarifa hiyo kwa kamati ya zahanati na kwa mwakilishi wa wadi wakati wa vikao vya bajeti ya kaunti. Malalamiko yenye tarehe na hesabu ni vigumu kuyapuuza.

5. Mtu akiwa na mashaka, msimcheke. Andikeni swali lake na mumtafute anayeweza kulijibu.

Na yule mama wa kuku? Wiki iliyofuata tulirudi pamoja na muuguzi. Alieleza kwamba chanjo ya surua imetolewa nchini kwa miaka mingi, tangu mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1980, na kwamba wengi wa wale akina mama wenyewe waliipata utotoni. Alieleza pia kwamba ile ya taifodi ilikuwa mpya katika kampeni hii lakini haina uhusiano na Korona. Mama yule aliuliza maswali manne mengine kabla ya kuketi. Kati ya wale watoto wanane, sita walichanjwa. Wazazi wa wawili bado wanafikiri, na tumekubaliana kurudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Wakati wa Korona, ni nani katika kijiji chetu alitaka chanjo akaikosa? Ni kitu gani kilimzuia: nauli, simu, hofu, au kituo?

2. Ni maneno gani tuliyasikia kuhusu chanjo ambayo hatujapata jibu hadi leo? Tumwalike nani atujibu?

3. Je, tunajua ni watoto wangapi wa wanachama wetu ambao hawajamaliza chanjo? Nani ataanza kuandika daftari, na lini?